Faulo na honi ya mwisho: nani husema kwamba mchezo umekwisha?

Katika mpira wa kikapu, mchezo hauishi kila mara honi inapolia. Mara nyingine honi ikilia ndipo mabishano yanapoanza. Mchezaji mmoja yuko chini, mwamuzi ameinua ngumi juu, saa inaonyesha sifuri, na watu wa timu mbili wanauliza maswali mawili kwa sauti moja. Je, ile ilikuwa faulo kweli? Na kama ilikuwa faulo, je, ilifanyika kabla ya muda kwisha au baada yake?

Maswali hayo huulizwa pamoja lakini si mamoja. La kwanza linahusu miili ya wachezaji, la pili linahusu saa. Historia ya waamuzi wa basketi, kwa zaidi ya miaka 130 sasa, ni historia ya kujifunza kuyatenganisha na kujua nani ana haki ya kujibu lipi. Somo hilo lilipatikana kwa gharama. Kuna wachezaji waliopoteza dhahabu wakiwa wamekwisha kushangilia, na kuna medali za fedha ambazo wenyewe hawajazichukua hadi leo.

Mwanzo: mwenye mpira ndiye mwenye saa

Mwezi wa Desemba 1891, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya mwili mzaliwa wa Kanada, aliandika kanuni 13 za mchezo mpya. Aliweka waamuzi wawili. Mmoja kazi yake ilikuwa kuwatazama watu na kuandika faulo zao. Wa pili aliutazama mpira, alihesabu magoli, na ndiye pia aliyetunza saa. Mchezo ulikuwa na vipindi viwili vya dakika 15.

Siku hizo faulo haikuleta mitupo huru, ile ambayo viwanjani Kongo wengi huita lancer franc. Timu iliyofanya faulo tatu mfululizo, wapinzani wakiwa hawajafanya hata moja katikati, iliadhibiwa kwa wapinzani kuongezewa goli moja. Ugomvi wa saa nao ulikuwa na dawa rahisi: yule aliyeutazama mpira ndiye aliyeshika saa. Akisema muda umekwisha, umekwisha.

Mchezo ulipokua na kuenea duniani, saa ilitoka mikononi mwa mwamuzi ikawekwa kwenye meza kando ya uwanja, pamoja na mwandishi wa alama na honi ya umeme. Tangu hapo faulo ilikaa mdomoni mwa mwenye filimbi, na muda ukakaa kidoleni mwa mtu mwingine. Watu hao wawili wakikosa kuelewana, hata kwa sekunde moja, mechi nzima inaweza kupasuka. Ndivyo ilivyotokea Munich.

Munich 1972: sekunde tatu zilizochezwa mara tatu

Fainali ya Olimpiki kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti ilianza karibu saa sita usiku, tarehe 9 Septemba 1972. Siku chache kabla, mji huo ulikuwa katika kilio kwa sababu ya mauaji ya wanamichezo wa Israeli, na michezo ilikuwa imesimamishwa kwa muda. Marekani iliingia uwanjani bila kushindwa hata mara moja tangu basketi ilipoingia Olimpiki mwaka wa 1936: mechi 63, ushindi 63.

Usiku ule Wasovieti ndio waliotangulia. Wakati wa mapumziko walikuwa na alama 26 kwa 21, na hata mwishoni kabisa waliongoza 49 kwa 48. Ndipo Doug Collins akanyakua pasi ya Wasovieti na kukimbia peke yake kuelekea kikapu. Zurab Sakandelidze akamfuata na kumwangusha kwa nguvu chini ya ubao. Mwamuzi akapiga filimbi. Zilibaki sekunde 3.

Faulo hiyo haikuleta ubishi. Kila mtu aliiona. Collins, ambaye bado alikuwa akisikia kizunguzungu, alitupa mtupo wa kwanza ukaingia: 49 kwa 49. Alipokuwa akijiandaa kutupa wa pili, honi ya mezani ikalia. Mwamuzi Renato Righetto wa Brazili aligeuka kutazama, lakini mchezo haukusimamishwa. Collins akatupa, mpira ukaingia. Marekani 50, Wasovieti 49.

Hapo faulo ilikuwa imekwisha kuamuliwa na kulipwa. Kilichobaki ni saa, na saa ndiyo iliyoharibika. Wasovieti waliingiza mpira mchezoni, lakini watu wa benchi lao wakakimbilia mezani wakidai kwamba walikuwa wameomba muda wa mapumziko kabla ya mtupo wa pili na hawakupewa. Righetto akasimamisha mchezo saa ikionyesha sekunde 1.

Kisha akashuka kutoka jukwaani R. William Jones, Mwingereza, katibu mkuu wa FIBA. Aliinua vidole vitatu: sekunde 3 zirudishwe. Jones alikuwa mkubwa wa basketi duniani, lakini kanuni hazikumpa mamlaka yoyote juu ya mechi inayochezwa. Baadaye yeye mwenyewe alikubali hivyo. Usiku ule, hata hivyo, hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Mpira ukaingizwa tena kabla saa haijapangwa vizuri. Honi ikalia, Wamarekani wakarukaruka na kukumbatiana, wakiamini wamepata dhahabu. Wakaambiwa tena: rudini, saa haikuwa tayari. Mara ya tatu Ivan Edeshko alirusha pasi ndefu kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Alexander Belov akaudaka mpira katikati ya walinzi wawili wa Marekani, Kevin Joyce na Jim Forbes. Walinzi wote wawili wakapotea njiani, Forbes akiwa ameanguka, na Belov akaweka mpira kikapuni kwa utulivu. Wasovieti 51, Marekani 50.

Marekani ilikata rufaa. Jopo la watu watano, chini ya Ferenc Hepp wa Hungaria, liliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba matokeo yabaki. Wajumbe wa Hungaria, Poland na Kuba walisimama upande wa Wasovieti; wale wa Italia na Puerto Rico upande wa Marekani. Katika miaka ile ya vita baridi, wengi waliona kura hizo zimefuata ramani ya siasa kuliko kitabu cha kanuni. Wachezaji 12 wa Marekani hawakwenda kupokea medali za fedha.

Jambo moja dogo la usiku ule husahauliwa mara nyingi, nalo ni zito kuliko kelele zote. Renato Righetto alikataa kutia sahihi karatasi ya mechi. Hakuwa na nguvu ya kubadilisha matokeo, lakini kalamu ilikuwa yake, na hakuitumia.

Kitabu kinasema nini

Kanuni za FIBA, ambazo ndizo zinazotumika katika mashindano ya Kongo na ya Afrika yote, leo zinajibu kwa maneno ya wazi mambo mengi ambayo watazamaji hubishania.

Kama faulo imefanyika kabla kidogo ya honi, au wakati uleule inapolia, na inastahili mitupo huru, basi mitupo hiyo itatupwa hata kama saa imefika sifuri. Ndiyo sababu mchezaji anaweza kusimama peke yake kwenye mstari, wengine wakitazama tu, na kushinda mechi ambayo muda wake umekwisha.

Kama mchezaji alikuwa katika tendo la kutupa na mpira ungali mkononi alipofanyiwa faulo, kisha honi ikalia kabla hajauachia, kikapu hakihesabiwi hata mpira ukiingia. Lakini faulo haifutwi. Anapewa mitupo 2, au 3 kama alikuwa nyuma ya mstari wa alama tatu. Hapa ndipo wengi hupotea: wanaona mwamuzi amekataa kikapu, wanadhani amekataa na faulo. Hayo ni maamuzi mawili. Na kama mpira ulikuwa umekwisha kutoka mkononi honi ilipolia, kikapu kinahesabiwa ukiingia.

Faulo ambayo si ya kutupa hutegemea hesabu ya faulo za timu katika robo hiyo. Kuanzia ya tano, aliyefanyiwa faulo anapata mitupo 2. Kabla ya hapo, timu yake ingepata mpira wa pembeni tu. Na kama hakuna muda uliobaki, mpira wa pembeni hauna kazi. Mwamuzi anaweza kuita faulo ya kweli kabisa na mchezo ukawa umekwisha palepale. Kwa hiyo mwandishi wa mezani aliyeruka faulo moja katika robo ya nne anaweza kuamua bingwa bila yeye kujua.

Mwisho wa yote, mwamuzi mkuu anahakiki karatasi ya mechi na kutia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo inayokata uhusiano wa waamuzi na mechi. Honi husema muda umekwisha. Kalamu husema mchezo umekwisha.

Kioo cha marudio kinapoingia

Kwa miaka mingi jicho la mwamuzi lilikuwa ndilo peke yake. Ligi ya NBA ya Marekani ilibadilika baada ya tarehe 26 Mei 2002, wakati Samaki Walker wa Los Angeles Lakers alipotupa mpira kutoka mbali mwishoni mwa nusu ya kwanza dhidi ya Sacramento Kings. Marudio ya televisheni yalionyesha kwamba mpira ulikuwa bado mkononi muda ulipokwisha, lakini alama 3 zilihesabiwa. Lakers walishinda 100 kwa 99.

Msimu uliofuata waamuzi wakaruhusiwa kutazama kioo katika hali chache tu: kikapu kilichofungwa saa ikiwa sifuri, na faulo iliyoitwa saa ikiwa sifuri. Katika hiyo ya pili, kioo kiliulizwa swali moja tu: je, faulo ilifanyika kabla ya muda kwisha? Hakikuulizwa kama kweli ilikuwa faulo. Hilo liliachwa kwa jicho la aliyepiga filimbi.

Mpango huo ulionekana mzuri. Lakini usiku mmoja wa mwaka wa 2008 ulionyesha mipaka yake. Tarehe 11 Februari, katika ligi za vyuo vikuu vya Marekani, mechi mbili ziliamuliwa kwa faulo za mwisho kabisa. Mjini Washington, Georgetown na Villanova walikuwa sawa 53 kwa 53. Jonathan Wallace wa Georgetown alikimbia na mpira kando ya mstari wa pembeni, zaidi ya mita 20 kutoka kikapu alichokuwa akikishambulia. Mwamuzi akamwita Corey Stokes faulo ya kumgusa, ikiwa imebaki sekunde 0,1. Wallace akatupa mara mbili, na Georgetown wakashinda 55 kwa 53. Saa haikuwa na kosa. Ubishi wote ulikuwa juu ya mguso: je, mguso mdogo hivyo, mbali hivyo na kikapu, unastahili filimbi katika sekunde kama ile?

Usiku uleule, mjini Knoxville, wanawake wa Tennessee walikuwa nyuma ya Rutgers 57 kwa 58. Nicky Anosike alidaka mpira chini ya kikapu akafanyiwa faulo. Waamuzi walitazama kioo, wakaamua kwamba faulo ilitangulia mwisho wa muda. Anosike akatupa mitupo miwili, 59 kwa 58. Lakini picha za televisheni zilionyesha jambo jingine: saa ilikuwa imesitasita ilipofika sekunde 0,2 kabla ya kuendelea hadi sifuri. Kama isingesita, muda ungekwisha kabla ya faulo. Waamuzi walipima faulo kwa saa, na saa yenyewe ndiyo iliyokuwa mgonjwa.

Mezani nako makosa hayakukosekana. Tarehe 19 Desemba 2007 mjini Atlanta, Shaquille O'Neal wa Miami Heat alitolewa nje kwa faulo ya sita, zikibaki sekunde 51,9 za muda wa nyongeza. Ukweli ni kwamba alikuwa amefanya faulo 5 tu. Meza ilikuwa imemwandikia moja isiyo yake. Atlanta Hawks walishinda. NBA ilikubali malalamiko ya Miami na kuamuru sekunde hizo 51,9 zichezwe upya. Zilichezwa tarehe 8 Machi 2008, wakati O'Neal mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Phoenix. Hakuna timu iliyofunga, na Hawks wakabaki na ushindi wa 114 kwa 111.

Mtu anaweza kucheka: shida yote hiyo kwa kitu ambacho hakikubadilika. Lakini uamuzi ule ulikuwa na maana. Ligi ilisema kwamba kosa la jicho huvumiliwa, kwa sababu hakuna mtu asiyekosea. Bali kosa la hesabu na la utaratibu lazima lirekebishwe, hata kama ni baada ya miezi. Munich haikupata bahati hiyo.

Filimbi katika sekunde ya mwisho

Kuna wazo la zamani kwamba mwamuzi mzuri humeza filimbi yake mwishoni, ili wachezaji waamue wenyewe. Tarehe 6 Aprili 2019, mjini Minneapolis, wazo hilo lilijaribiwa mbele ya Marekani nzima. Katika nusu fainali ya vyuo vikuu, Auburn waliongoza Virginia 62 kwa 60. Kyle Guy wa Virginia aliruka kutupa alama tatu kutoka kona. Mpira haukuingia, na wachezaji wa Auburn wakaanza kushangilia. Lakini filimbi ilikuwa imelia. Samir Doughty alikuwa ameingia mahali ambapo Guy angetua na kumgonga. Zilibaki sekunde 0,6.

Guy aliingiza mitupo yote mitatu, 63 kwa 62, na siku mbili baadaye Virginia wakawa mabingwa. Wasimamizi wa waamuzi waliitetea faulo ile: mtupaji ana haki ya kutua salama, iwe dakika ya kwanza au sekunde ya mwisho. Auburn nao walikuwa na lao la kulalamikia. Muda mfupi kabla, Ty Jerome wa Virginia aligusa mpira kwa namna iliyokuwa kosa la kudunda mara mbili, na hakuna aliyepiga filimbi. Jicho lililoona faulo halikuona kosa lile, na kanuni za kioo hazikuruhusu kurudi nyuma.

NBA ilijaribu kuponya jeraha la namna hiyo kwa njia nyingine. Tangu mwaka wa 2015 hutoa kwa umma ripoti ya maamuzi ya dakika mbili za mwisho katika mechi zilizokaribiana. Ripoti husema wazi: hapa mwamuzi alikosea, pale alisema kweli. Haibadilishi matokeo. Aliyeshindwa hupata ukweli bila kupata ushindi, na wapo wanaoona kwamba huko ni kutia chumvi kwenye kidonda. Lakini angalau hakuna anayejifanya kwamba kosa halikufanyika.

Miami 2023: sekunde tatu nyingine

Kisha ikaja mechi iliyofanana na Munich kwa namna ya ajabu. Tarehe 27 Mei 2023, Miami Heat walikuwa nyumbani dhidi ya Boston Celtics, wakihitaji ushindi mmoja kuingia fainali ya NBA. Boston waliongoza 102 kwa 100. Al Horford akamfanyia Jimmy Butler faulo alipokuwa akitupa. Kocha wa Boston akaomba uamuzi huo upitiwe kwenye kioo.

Waamuzi walitazama na kutoka na majibu matatu. Faulo ilikuwa faulo. Butler alikuwa nyuma ya mstari, kwa hiyo mitupo ni 3, si 2. Na saa, iliyokuwa ikionyesha sekunde 2,1, ilipaswa kurudishwa hadi 3,0, kwa sababu huo ndio uliokuwa wakati wa faulo.

Kwa macho ya haraka, Boston walikuwa wamejichimbia shimo. Butler aliingiza yote matatu: Miami 103, Boston 102. Lakini zilibaki sekunde 3. Marcus Smart akatupa kutoka mbali, mpira ukagonga chuma na kutoka, Derrick White akaurudisha kikapuni. Ulitoka mkononi mwake ikiwa imebaki sekunde 0,1. Boston 104 kwa 103. Bila zile 0,9 zilizorudishwa, White asingekuwa na muda. Miami walilia, lakini hawakuwa na cha kudai. Walikuwa wamepewa mtupo wa tatu na marekebisho yaleyale yaliyowapa Boston muda.

Munich na Miami zote mbili zilirudisha saa hadi sekunde 3, na zote mbili zilimpa ushindi aliyekuwa nyuma kwa alama moja. Munich sekunde zilirudishwa na kidole cha mkubwa aliyeshuka jukwaani. Miami zilirudishwa na waamuzi wenyewe, kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya mechi, wakitazama picha ambayo kila mtu aliiona. Ndiyo maana fainali ya Munich bado inabishaniwa baada ya nusu karne, na ushindi wa Boston haubishaniwi.

Pasipo na kioo

Viwanja vingi vya Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi havina kioo cha marudio, na vingine saa yao ni simu mezani. Lakini sehemu kubwa ya kinga haihitaji umeme. Waamuzi wawili wanaweza kugawana kazi kabla ya mechi: aliye chini ya kikapu anatazama miili, aliye nyuma anatazama kama mpira umetoka mkononi kabla ya honi. Mtunza saa anaweza kuulizwa kwa utulivu aliona nini, kwa sababu naye ni shahidi. Hesabu ya faulo za timu inaweza kusomwa kwa sauti makocha wote wawili wakisikia, kabla ya dakika za mwisho na si baada yake. Na mkubwa wa jukwaani, awe rais wa klabu, kiongozi wa mtaa au mfadhili wa kombe, anaweza kubaki amekaa kwenye kiti chake.

Kisha mwamuzi mkuu hupitia karatasi ya mechi mstari kwa mstari, na akiwa ameridhika hutia sahihi.